Namba Iliyoshuka Bila Sababu

3 Machi

Kaka,

Huku maabara wenzangu wote wameamka salama. Mimi ndiye sikuamka vizuri, na sababu ni wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu yako ni redio ya mtaa. Mikono yako ikiwa kichwani mwa mteja unabonyeza spika, na ninachokuambia wanakisikia wote waliokaa kwenye benchi. Hili si la benchi. Lisome ukiwa peke yako.

Majibu ya damu yako yamefika mezani kwangu. Unakumbuka nilivyokueleza mwaka jana: tezi dume ya kila mwanamume hutengeneza protini, na kiasi kidogo huvujia kwenye damu. Tezi ikiwa na tatizo huvuja zaidi, nasi tunapima kilichovuja. Mwaka jana namba yako ilikuwa tatu na nukta nane, imeukaribia mstari wa nne ambao madaktari wa hapo kwenu wanautumia. Ndiyo maana nikakung'ang'ania upime tena. Mwaka huu imekuja mbili na nukta moja.

Najua nesi amekupongeza. Mimi sikupongezi. Namba ya mtu wa umri wako haishuki hivi hivi kama mafua yanavyoisha. Tena sisi hapa hatuangalii kitu kimoja. Ile protini hukaa kwenye damu kwa namna mbili: nyingine iko huru, nyingine imejishikiza kwa protini wenzake. Tezi ikiwa salama, iliyo huru huwa na fungu la kutosha. Fungu lako ni dogo, dogo kuliko la mwaka jana. Kwa hiyo namba moja inaniambia kaka anapona, na nyingine inaniambia mkimbilie. Na zote mbili zimetoka kwenye kichupa kimoja.

Sasa nakuuliza, na usinune. Damu iliyokuwa kwenye kichupa kile ni yako? Mkono uliochomwa ni wako? Najua unavyoiogopa sindano tangu utoto. Najua pia una marafiki wasioweza kukunyima kitu ukiwaomba.

Baba tulimzika kwa ugonjwa huu, saratani ya tezi. Alipokubali kupimwa ulikuwa umeshaingia mifupani. Sitaki kukaa tena kwenye benchi lile la hospitali nikisubiri kuambiwa tumechelewa. Rudi ukapime.

Mdogo wako,
Darubini


10 Machi

Darubini,

Barua yako imenikuta nina mtu nusu kichwa. Nikaitia mfukoni mpaka nikamaliza, na nusura nimkate sikio kwa kujiuliza umeandika nini.

Tangu lini majibu mazuri yakawa kesi? Mwaka jana namba ilikuwa kubwa, ukalia. Mwaka huu imekuwa ndogo, unalia. Nikuletee ipi sasa, ya katikati? Mtu akikutwa mzima anaambiwa hongera, haambiwi aje aeleze amepitia wapi.

Damu ni yangu. Nilichomwa mimi, na nilijikaza mpaka jasho likanitoka. Muulize nesi mwenyewe. Aliniuliza maswali yote ya dunia: unavuta sigara, unaamka mara ngapi usiku kwenda msalani, unatumia dawa yoyote, nani kwenu amewahi kuugua. Nikamjibu yote bila kigugumizi. Kama huniamini, shahidi ninaye. Nilikwenda na Fundi Saa, ambaye tangu tufungue vibanda vyetu tunagawana ukuta mmoja, yeye na saa zake, mimi na mashine zangu. Alichomwa baada yangu, na alinicheka mpaka nesi akamwambia anyamaze. Yeye naye ameambiwa yuko chini ya mstari. Tulirudi tunanunuliana soda kama watoto waliofaulu mtihani.

Na mimi nina swali, na wewe usinune. Hiyo mashine yenu mpya ya kupima protini nyingi inataka wagonjwa ili ionekane inafanya kazi, au nakosea? Mtu mzima hana faida kwenye utafiti wenu. Hata mimi siku saluni ikiwa tupu, kila kichwa kinachopita barabarani nakiona kimejaa nywele. Sisemi unafanya makusudi. Nasema jicho linalotafuta halikosi kuona.

Halafu usimwandikie wifi yako mambo haya. Nyumbani kwangu siku hizi hata kikohozi kinaulizwa kimetoka wapi.

Kaka yako, mzima wa afya,
Kinyozi


16 Machi

Wifi yangu,

Kaka yako hajui kama nakuandikia. Ukimwambia, tutakosana mimi na wewe, na sisi hatujawahi kukosana.

Niliona barua yako ikichungulia kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Sikuisoma, nilitambua mwandiko tu. Nilipomuuliza dada anasemaje, akasema unasalimia. Salamu gani hizo za kurasa mbili? Na kwa nini aliposoma alitoka nje akasimama barabarani kama mtu aliyefiwa? Kuna kitu mnanificha, na nimeshakijua kabla hamjaniambia. Nataka tu nikisikie kwa mtu wa kwao.

Pale saluni, chini ya kioo kikubwa, kuna droo anayoifunga kwa ufunguo. Zamani ilikuwa ya vitana, haikuwa na hata kitasa. Asubuhi moja nilikuwa nafagia mlangoni, nikamwona kupitia kioo. Alifungua droo, akatia kidonge mdomoni, akanywa maji, akafunga, akatazama nyuma kama mwizi. Siku iliyofuata nikafagia tena, hata pasipo na taka. Hali ile ile.

La pili naliandika kwa aibu, lakini wewe ni mtu mzima. Tangu mwishoni mwa mwaka jana ananipa mgongo. Nikimgusa anasema amechoka kusimama kutwa. Wifi, mtu huyu amesimama kutwa miaka yote ya ndoa yetu na hakuwahi kuchoka namna hiyo. Na huku anajipamba! Anajipaka mafuta, anajigeuzageuza kwenye kioo, anajipapasa utosi kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mwanamume anayejipamba na mimi hanitaki, anampambia nani?

Vidonge vile nadhani ni vile vya kuwaongezea wanaume nguvu. Kama ndivyo, basi nguvu zenyewe kwangu hazifiki, zinashukia kituo kingine.

Wewe unafanya kazi na dawa. Naomba Mungu usiwe wewe ndiye unayempelekea.

Wifi yako


21 Machi

Wifi,

Sijampa kaka hata kidonge cha kuumwa kichwa. Na maabara yetu haina dawa, ina vichupa na mashine tu.

Lakini barua yako imeniondoa usingizi kuliko yake. Na mimi nilikuwa na shaka zangu, ila hazikuwa za mwanamke. Namba ya damu yake imeshuka bila sababu, nikadhani amempeleka mtu mwingine achomwe kwa niaba yake. Sasa unaniambia anameza kitu kwa siri, na amekianza baada ya kipimo cha mwaka jana.

Usimuulize. Usilie mbele yake. Usifagie tena pale mlangoni, atashtuka. Nitafutie ganda moja tu la vidonge hivyo, hata likiwa tupu, ulitie kwenye bahasha. Nikishaliona nitakuambia ukweli wote, uwe mtamu au mchungu. Kwa sasa nikikuambia ninachokidhani nitakuwa napiga ramli.

Darubini


29 Machi

Wifi,

Ganda ndilo hilo. Alipoingia kuoga suruali ilibaki kitini na ufunguo ndani yake, nikaenda saluni, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu, na kurudi kabla hajamaliza kujisugua. Nilitembea kama mimi ndiye mwenye kosa.

Nilijiandaa kukuta leso ya mwanamke, au picha, au hata pete. Nimekuta mafuta ya nywele na paketi za vidonge. Nyingi, wifi, zaidi ya anazoweza kuzimeza mtu mmoja. Nilisimama pale sijui nishukuru au nilie. Kama ni za nguvu, ana wake wangapi huyu?

Nijibu upesi. Namtazama akila, namtazama akilala, na yeye ameanza kuniuliza ninatazama nini.

Wifi yako


2 Aprili

Kaka,

Usimgombeze wifi. Ganda la vidonge lililoko mbele yangu niliagiza mimi, na lawama nipe mimi.

Dawa hii naijua. Ni ya kuzuia nywele zisinyonyoke. Ikiwa na nguvu zaidi madaktari huwapa wazee ambao tezi imewavimba, mkojo unawatoka kwa shida. Haileti saratani, tuelewane kabisa hapo. Kosa lake ni jingine. Mtu akiimeza kwa miezi, ile protini kwenye damu hushuka karibu nusu. Tezi ikiwa salama hushuka, ikiwa na saratani hushuka vilevile. Daktari akijua unaitumia, anaichukua namba anaizidisha mara mbili, basi, hakuna aliyedanganyika. Asipojua, anakupongeza.

Zidisha yako. Inauvuka mstari, na imeipita ya mwaka jana. Lile fungu la protini iliyo huru, ambalo nilikuambia ni dogo, vidonge haviwezi kulibadilisha, kwa sababu vinapunguza zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana lenyewe lilikuwa linasema kweli wakati namba kubwa inakusifu.

Nesi alikuuliza kama unatumia dawa yoyote. Uliniandikia mwenyewe kwamba ulijibu maswali yote bila kigugumizi. Hilo ulilijibuje?

Nakuomba uende hospitali kubwa, upigwe picha ya tezi, na wakitaka kuchukua kinyama wapime, uwaache wachukue. Na zungumza na mkeo. Vidonge hivi huwafanya baadhi ya wanaume wapoteze hamu. Yeye anamtafuta mwanamke ambaye hayupo, na unamtazama anavyoteseka kwa sababu unaona aibu.

Nimesikia paketi ni nyingi. Nyingine ni za nani?

Darubini


9 Aprili

Darubini,

Kumbe nimeoa polisi na nimezaliwa tumbo moja na hakimu! Mke anapekua suruali, dada anapokea ushahidi kwa bahasha, na mimi mshitakiwa nipo nyuma ya kiti nanyoa watu, sina habari. Nilipomuuliza mwenzako nani kafungua droo, alinitazama usoni akasema labda panya. Panya gani anarudisha ufunguo mfukoni?

Unataka kujua nilimjibu nini nesi. Nilimjibu hapana, na sikusema uongo. Dawa anakunywa mgonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa na utosi unaoanza kuonekana. Kama angeniuliza unatumia nini kwa ajili ya nywele, ningemjibu. Nani anakwenda kupima tezi akahesabu mafuta ya kichwani?

Ninyi hamwelewi. Kichwa changu ndicho kibao cha duka. Nani atakaa kwenye kiti cha kinyozi mwenye upara? Watu husema kinyozi hajinyoi. Mimi hata za kunyolewa zilikuwa zinaniaga moja moja, nazifagia mwenyewe asubuhi kabla hajaja mtu. Yule muuza nyembe na mafuta anayepita kila mwezi akaniambia ana kitu. Nikajaribu, zikashika. Nilifurahi, Darubini, sikufichi. Nilifurahi kama kijana.

Kuhusu hamu, nilidhani ni uzee. Nikaona bora mke anione nimechoka kuliko anione nimezeeka. Bado sijasema naye. Namtazama, naye ananitazama.

Hospitali nitakwenda siku nikitaka mimi, si kwa kusukumwa na wanawake wawili wanaoandikiana mgongoni kwangu. Na bado sijaridhika kwamba mashine yenu haikosei.

Nina swali moja, la kujua tu. Tuseme kuna mtu mwingine, simjui sana, amenizidi umri kidogo. Naye anameza vidonge hivi, labda alianza baada yangu kidogo. Namba yake ilikuwa tatu na nukta sita. Huyo naye anazidisha? Na kama mgongo unamuuma kwa kazi ya kuinama, hilo ni la kazi tu, siyo?

Kinyozi


12 Aprili

Kaka,

Anazidisha. Ni saba na nukta mbili.

Huyo mtu usiyemjua sana kazi yake ni kuinama juu ya saa. Usimtumie ujumbe, usimsubiri aje kunyolewa. Ukishamaliza kusoma hapa toka, zunguka ukuta, umwambie. Kisha mwende wote wawili, na mbele ya daktari muitaje dawa kwa vinywa vyenu.

Hasira zako na mimi ziweke, tutazimaliza baadaye.

Mdogo wako


27 Mei

Wifi,

Umesubiri habari na hakuna aliyekuandikia. Simu kaka yako hashiki, na mimi nilikatazwa kushika. Leo nimejiruhusu.

Walikwenda. Picha ya kaka yako ilionyesha kidoa, kinyama kikachukuliwa, majibu yakatoka: saratani ipo. Ni ndogo na haijatoka nje ya tezi. Daktari akasema tumeiwahi, akaniuliza nani aliyeshtuka, nikamwambia dadaye. Wiki iliyopita wameitoa tezi yote. Yuko kitandani, amekonda, anawalalamikia wauguzi kwamba mgonjwa wa jirani amenyolewa vibaya.

Usiku wa kuamkia upasuaji, alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza habari za vidonge. Alieleza kama mtu anayekiri kuua. Nilicheka, wifi. Nilicheka mpaka nikalia. Nusu mwaka nzima nimeuonea wivu upara! Nilimwambia ningekuwa nimeolewa na nywele ningekuwa nimeshaachika siku nyingi. Akanishika mkono. Mengine hayakuhusu.

Lakini bado kuna kitu. Fundi Saa hajaja kumwona. Watu hawa wawili walikuwa hawapitishi siku bila kugongeana ukuta. Nikimtaja, kaka yako anageukia upande wa pili anasema ana usingizi. Nimemuuliza mke wa Fundi, ananijibu kwa neno moja moja. Mara hii sitafuti leso wala picha. Naona tu kwamba kuna jambo, na wewe unalijua. Paketi zile nyingine zilikuwa za nani?

Wifi yako


18 Agosti

Mdogo wangu,

Nimerudi kazini. Nafanyia kazi kwenye kistuli, na nikinyanyuka ghafla nakumbuka nilichofanyiwa. Damu nimepima tena juzi. Safari hii nilimtajia nesi hata dawa ya meno. Protini haionekani, na daktari anasema baada ya tezi kutolewa hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mashine yako nimeitukana vya kutosha, niombee radhi kwake. Na wewe mwenyewe unisamehe.

Wateja watatu niliowapa vidonge nimewaita mmoja mmoja. Nilikuwa nafunga pazia, nawaeleza. Mmoja alinitukana, nikaona ana haki. Wote wamepima upya wakiwa wameitaja dawa, wako salama.

Fundi Saa, niliyempa wa kwanza, hayuko salama. Wifi yako umemnyamazia, nami nilimnyamazia, jana nimemwambia mwenyewe. Ya Fundi imeshaingia mifupani. Ule mgongo haukuwa wa kazi. Anachomwa sindano za kuipunguza kasi, na daktari anasema wako wanaoishi nayo miaka mingi. Nilimuuliza, je, kama mwaka jana asingeanza vile vidonge? Akasema huenda ingeonekana mapema, huenda isingeonekana. Neno hilo moja, huenda, ndilo ninalolala nalo.

Siku ile daktari alipomuuliza amezipata wapi, Fundi alijibu, "Dukani." Hakunitazama. Nikajua amenistiri, nikashukuru moyoni kama mjinga. Tulipotoka nje akaniuliza, "Ulijua?"

Nikamwambia, "Wallahi sikujua."

Akaniuliza barua yako ilifika lini. Sikuweza kumdanganya. Yako ya kwanza ya vidonge niliisoma, nikakaa nayo wiki nzima. Wiki nzima tunagawana ukuta, namsikia akikohoa upande wa pili, namsikia akijinyoosha mgongo na kusema ah, na sikumgongea. Nilikuandikia wewe kwanza, eti kuna mtu simjui sana. Wiki moja haikumwongezea ugonjwa, daktari amesema hivyo, nami nikamrudia kumuuliza mpaka akachoka. Lakini Fundi hakuuliza habari za ugonjwa. Alinitazama kama anavyoitazama saa nzuri iliyoletwa na mtu asiyemfahamu, akijiuliza imetoka wapi.

Mwaka huu uliniuliza kama damu ni yangu, nikakuona mbaya. Leo nakuuliza mimi. Wewe unaamini kwamba sikujua? Nijibu kweli, hata kama ni hapana.

Jumamosi amekuja kunyolewa ndevu. Sikumtarajia. Alikaa kwenye kiti kama desturi yake. Mtu huyu miaka yote nikimpaka povu tu anaanza kukoroma, namnyoa yuko usingizini, namgeuza shingo huku na huku, na namwamsha nikishamaliza kwa kumpiga kofi la bega. Jumamosi nilimpaka povu, nikashika wembe, nikaanza chini ya kidevu. Kwenye kioo nikaona macho yake. Aliufuata mkono wangu mwanzo mpaka mwisho, na hakupepesa.

Kaka yako